Taa Iliyowashwa kwa Bomu

Majira ya baridi ya mwaka 2013 nilikuwa nikiishi Baltimore, katika chumba cha juu kilichopokea ubaridi wote wa ghuba ya Chesapeake, na usiku nilifanya kazi ya usafi katika jengo la ofisi lililokuwa mwendo mfupi kutoka bandarini. Msimamizi wetu alikuwa na sharti moja alilolirudia kila jioni: taa za ghorofa nzima ziwashwe tunapoingia na zizimwe tunapotoka. Niliziwasha kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa umeshika ndoo, wala sikuwahi kujiuliza umeme wake ulitoka wapi. Ilipita miaka sita kabla sijasoma kwamba Desemba ile ile, katika bandari ile ile, iliteremshwa shehena ya mwisho ya urani iliyotokana na vichwa vya makombora ya Kisovieti, na kwamba kwa muda wa takriban miaka ishirini iliyotangulia, kiasi cha asilimia 10 ya umeme wote wa Marekani kilizalishwa kwa urani ya namna hiyo. Katika kila taa kumi nilizowasha, moja ilikuwa ikiwaka kwa bomu lililotengenezwa ili kuuteketeza mji ule ule niliokuwa nikiupigia deki.

Nilikulia Tanga, nyuma ya duka la baba yangu, wakati majina ya Reagan wa Marekani na Gorbachev wa Umoja wa Kisovieti yalipotajwa redioni kila jioni kiasi kwamba sisi watoto tuliyatia katika michezo yetu. Hakuna aliyetufundisha, lakini tulijua kwamba mataifa yale mawili ni maadui na kwamba uadui wao ni wa kudumu, kama bahari ilivyo na chumvi. Ndiyo maana habari ya shehena ile haikunitoka akilini. Nilitaka kuelewa ni vipi mmoja alifikia kupikia chakula chake kwa silaha za mwenzake, na ni vipi tena waliondoka pale wakarudi walikokuwa, hata leo hakuna mkataba hata mmoja unaowawekea kikomo cha idadi ya makombora yao makubwa.

Wazo la kuinunua urani ile halikutoka Ikulu ya nchi yoyote. Lilitolewa na Thomas Neff, mwanafizikia wa chuo cha MIT, katika makala aliyoyachapisha kwenye gazeti la New York Times mwezi Oktoba 1991, miezi miwili kabla bendera ya Kisovieti haijateremshwa juu ya Kremlin. Hoja yake ilikuwa ya kibiashara kuliko ya kijeshi. Nchi iliyokuwa ikivunjika ilikuwa na mamia ya tani za urani ya kutengenezea mabomu, wataalamu wasiolipwa mishahara, na maghala yasiyo na ulinzi wa kutosha. Na mlinzi mwenye njaa anayelala juu ya mali ya thamani atalipwa tu, ama na mwenye mali ama na mwizi. Basi na alipwe na mwenye fedha halali. Mkataba ulitiwa saini Februari 1993: tani 500 za urani iliyorutubishwa kwa kiwango cha juu, sawa na vichwa vya nyuklia vipatavyo 20,000 kwa hesabu ya waliouandika, zingepunguzwa makali na kuuzwa Marekani kwa muda wa miaka 20.

Namna ilivyofanyika inastahili kuelezwa, maana ndiyo iliyonifanya niamini kwamba jambo hili halikuwa la maneno matupu. Urani ya bomu huwa na takriban asilimia 90 ya ile aina inayopasuka kwa urahisi. Ya kinu cha umeme haifiki asilimia 5. Warusi waliitoa metali katika vichwa vya makombora, wakaikata vipande vidogo, wakaichoma hata ikawa unga, wakaugeuza unga kuwa gesi, kisha wakaichanganya gesi hiyo na nyingine iliyotokana na urani hafifu, mfano wa mpishi anayeuokoa mchuzi uliozidi chumvi kwa kuuongezea maji. Mchanganyiko ukishakamilika hauna njia ya mkato ya kuurudisha ulivyokuwa. Anayetaka bomu lake sharti aianze upya kazi yote ya kurutubisha. Shughuli hiyo ilifanyika katika miji kama Seversk, Novouralsk na Zelenogorsk, ambayo enzi za Kisovieti haikuonyeshwa hata kwenye ramani. Wakaguzi wa Kimarekani waliruhusiwa kuingia humo na kushuhudia uchanganyaji, na Warusi nao waliruhusiwa kuangalia upande wa pili ili urani yao isije ikageuzwa silaha. Kutoka huko mitungi yenye mchanganyiko huo ilipanda treni hadi St. Petersburg, ikavuka Atlantiki, ikaingia katika viwanda vya nishati vya Marekani. Urusi ilipata takriban dola bilioni 17. Magomvi ya bei hayakukosekana, lakini hayo ni ya kila soko.

Safari za urani, hata hivyo, hazikuanzia Urusi. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Wamarekani kuunda mabomu yao ya kwanza ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo, katika migodi ambamo wachimbaji walielewana kwa Kiswahili. Madini yale yalisafiri kwenda New York mwanzoni mwa miaka ya 1940, na wachimbaji hawakuambiwa ni ya nini. Kila ninapoandika kuhusu mataifa makubwa na mabomu yao hulikumbuka shimo lile, kwa sababu ni la watu wa lugha yangu, na katika mazungumzo yote ya kupunguza silaha sijaona kikao kilichoketi kuwajadili.

Mtu akiisikia habari ya mitungi ile hudhani Washington na Moscow zilikuwa zimependana. Hapa sina budi kurudi dukani Tanga. Jirani yetu alikuwa na duka kama letu, ng'ambo ya barabara, na baba hakumpenda wala yeye hakumpenda baba. Hata hivyo walikuwa wakiazimana bidhaa, huyu akiishiwa sukari, yule akiishiwa sabuni, na kila mmoja aliandika katika daftari lake alichotoa na alichopokea. Kila Ijumaa baada ya sala walikaa kwenye benchi, wakasomeana, wakalinganisha. Nilipomuuliza baba kwa nini marafiki zake hawamo daftarini, alinijibu kwamba rafiki haandikwi. Sisi wa pwani tunaijua methali ya mali bila daftari, kwamba hupotea bila habari, lakini kwa kawaida tunaisoma kama mawaidha kwa mzembe. Baba aliisoma vingine: daftari ni kwa ajili ya yule usiyemwamini.

Mikataba ya silaha za nyuklia ilikuwa daftari la aina hiyo. Tarehe 8 Desemba 1987, Reagan na Gorbachev walipotia saini mjini Washington mkataba wa kuondoa makombora ya nchi kavu yenye masafa ya kati ya kilomita 500 na 5,500, Reagan alirudia msemo wa Kirusi aliokuwa ameufanya wimbo, wa kuamini huku ukihakiki, na Gorbachev akamtania mbele ya watu kwamba huurudia kila wanapokutana. Watu walicheka. Lakini msemo ule ulikuwa na watu wa kuutekeleza. Wakaguzi wa Kimarekani wasiozidi 30 kwa wakati mmoja walihamia Votkinsk, mji wa viwanda karibu na milima ya Ural alikozaliwa mtunzi Tchaikovsky, wakakaa kwenye lango la kiwanda cha makombora wakipima kila gari lililokuwa refu kiasi cha kubeba kombora lililokatazwa. Wenzao wa Kisovieti, idadi ile ile, walikaa Magna katika jimbo la Utah wakifanya vivyo hivyo. Walikaa miaka 13. Hadi katikati ya mwaka 1991 makombora 2,692 yalikuwa yameharibiwa, 1,846 kati yake yakiwa ya Kisovieti. Ni kazi ya kuchosha ambayo hakuna anayeitungia wimbo, kusimama katika theluji na utepe wa kupimia mkononi, na nadhani ndiyo kazi ya maana kuliko hotuba zote za miaka ile.

Kipindi kinachonigusa zaidi ni kile cha baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika. Maseneta wawili wa Marekani, Sam Nunn wa chama cha Democratic na Richard Lugar wa Republican, walilishawishi bunge lao mwishoni mwa 1991 kutenga fedha za kumsaidia adui wa jana kuvunja na kulinda silaha zake. Februari 1992 Siegfried Hecker, mkurugenzi wa maabara ya Los Alamos ambako bomu la kwanza la Marekani liliundwa, alikwenda Sarov, mji uliofungwa ambako liliundwa la kwanza la Kisovieti, na huko alipokewa na Yuli Khariton, aliyeongoza kazi hiyo na ambaye wakati huo alikuwa na umri wa takriban miaka 88. Watu waliotumia maisha yao kukisia kazi za wenzao kwa mbali walikaa meza moja na kugundua kwamba wanaogopa mambo yale yale. Novemba 1994, kwa maafikiano na serikali ya Kazakhstan, ndege za Marekani zilibeba takriban kilo 600 za urani ya kiwango cha bomu kutoka kiwanda cha Ulba na kuzipeleka Oak Ridge, Tennessee. Moscow ilifahamishwa na haikupinga. Jambo hilo lingependekezwa miaka kumi nyuma, aliyelipendekeza angepelekwa kupimwa akili.

Wakati huo huo, upande wa Urusi, aibu ilikuwa ikijilimbikiza. Oktoba 1996 Vladimir Nechai, mkurugenzi wa kituo cha utafiti wa silaha za nyuklia cha Snezhinsk, alijiua ofisini mwake. Wafanyakazi wake walikuwa wamekaa miezi bila mishahara. Wamarekani wengi waliikumbuka miaka ya tisini kama miaka ya ukarimu wao. Warusi wengi waliikumbuka kama miaka ambayo mtu aliyelitengenezea taifa silaha alishindwa kununua mkate na mgeni akaja na bahasha. Kumbukumbu zote mbili ni za kweli, na hazikuwahi kuwekwa kwenye benchi moja zikasomwa pamoja.

Hata urafiki ulipokuwa katika kilele chake, kosa dogo la karatasi lilitosha kuleta hatari. Tarehe 25 Januari 1995 roketi ya utafiti ilirushwa kutoka Andøya, Norway, kwenda kuchunguza mianga ya kaskazini. Norway ilikuwa imezitaarifu nchi jirani, Urusi ikiwemo, lakini taarifa haikuwafikia waliokuwa zamu kwenye rada. Wao waliona kitu kikipanda kama kombora kutoka kwenye nyambizi ya Marekani. Rais Boris Yeltsin wa Urusi aliletewa mkoba wa kutolea amri za nyuklia, ukafunguliwa, na kwa dakika chache viongozi wakaifuatilia roketi hadi ilipobainika kwamba haielekei Urusi. Kwa watu wanaosema kwamba mambo haya ni urasimu tu, ninawapa tarehe hiyo.

Kwetu, mazungumzo ya namna hii yakianza, haipiti dakika kabla mtu hajaileta methali ya tembo na nyasi. Naheshimu methali, lakini hapa haitufai. Tembo hawa hawakupigana. Walikaa miaka zaidi ya thelathini wakihesabiana pembe. Idadi ya vichwa vya nyuklia duniani ilishuka kutoka zaidi ya 70,000 mwaka 1986 hadi takriban 12,000 hivi leo, na karibu tisa katika kila kumi ni vya mataifa haya mawili. Swali langu ni kwa nini waliacha kuhesabiana.

Kama ningelazimika kutaja siku moja, ningetaja siku ya Desemba 2001 ambapo Rais George W. Bush alitangaza kwamba Marekani itajitoa katika mkataba wa mwaka 1972 uliozuia mitambo ya kutungulia makombora. Sababu iliyotolewa ilikuwa vitisho vya nchi ndogo na magaidi, na huenda waliosema hivyo waliamini walichosema. Lakini aliye ng'ambo ya barabara aliona jirani anajenga ngao, na anayejenga ngao huku ameshika mkuki hamfanyi mwenzake alale usingizi. Huo ulikuwa ukurasa wa kwanza kuchanwa, na aliyeuchana ni aliyekuwa na nguvu zaidi. Vladimir Putin aliitoa hasira yake hadharani mjini Munich mwezi Februari 2007. Mwaka uliofuata ikaja vita ya Georgia. Mwaka 2012 Urusi ilitangaza kwamba mpango wa Nunn na Lugar ukimalizika haitauongeza, kwa kuwa sasa inajiweza. Ilikuwa inajiweza kweli, na Wamarekani walilipokea jambo hilo kama mhisani aliyekataliwa.

Lakini ukurasa uliochanwa kwa namna mbaya kuliko yote, na hapa lawama ni ya Moscow peke yake, ni ule wa mapatano yaliyotiwa saini mjini Budapest. Desemba 1994 Ukraine ilikubali kusalimisha vichwa vya nyuklia vilivyobaki katika ardhi yake, vipatavyo 1,900 vya masafa marefu, na kwa kubadilishana Urusi, Marekani na Uingereza ziliahidi kwa maandishi kuheshimu mipaka yake. Kichwa cha mwisho kiliondoka Juni 1996. Mwaka 2014 Urusi ilitwaa Crimea, na Februari 2022 ikaivamia Ukraine yote. Sijui serikali gani duniani, ikiwa na silaha ya namna hiyo ghalani, itaisalimisha tena kwa sababu ya karatasi yenye saini tatu.

Baada ya hapo kurasa zilichanika haraka. Mwaka 2016 Putin alisimamisha makubaliano ambayo kila upande ulipaswa kuharibu tani 34 za plutoniamu ya silaha. Agosti 2019 mkataba wa 1987 ulikufa, Marekani ikiishutumu Urusi kwa kombora lililovuka masafa yaliyoruhusiwa, Urusi ikiishutumu Marekani kwa mitambo yake ya Romania. Novemba 2023 Urusi iliondoa idhini yake katika mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia, mkataba ambao Marekani yenyewe ilitia saini mwaka 1996 na haijauridhia hadi leo. Vituo vya kusikiliza mitetemo vya mkataba huo, kimojawapo kikiwa pale Kilimambogo, si mbali na Thika, vinaendelea kusikiliza.

Uliobaki ulikuwa mkataba wa Prague, uliotiwa saini na Rais Obama wa Marekani na Rais Medvedev wa Urusi tarehe 8 Aprili 2010: vichwa visivyozidi 1,550 kwa kila upande katika silaha zilizo tayari, na makombora na ndege za kuvibeba zisizozidi 700. Namba hizo ndizo zilizotangazwa, lakini kwangu uzito wa mkataba ulikuwa katika utaratibu wake. Kila upande ulikuwa na haki ya kufanya ukaguzi mara 18 kwa mwaka. Wageni wakifika kambini huchagua kombora. Wenyeji huifungua sehemu ya mbele na kuwaonyesha vichwa vikiwa vimefunikwa kimoja kimoja, ili wahesabu bila kuliona umbo. Nimeifikiria sana picha hiyo, ya maofisa wa nchi mbili wanaochukiana wakiwa wameinamia kitu kilichofunikwa, wakihesabu moja, mbili, tatu, kisha wakitia saini fomu. Zaidi ya ukaguzi 300 ulifanyika, na taarifa zaidi ya 25,000 zilipelekwa kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kombora hili limehamishwa, ndege ile imepelekwa matengenezo.

Machi 2020 ukaguzi ulisimama kwa sababu ya Uviko, na haukurudi. Februari 2021 Biden na Putin waliuongezea mkataba miaka mitano. Februari 2023 Putin alitangaza kuusimamisha, akieleza kwamba haiwezekani kuwakaribisha kambini wakaguzi wa nchi inayoisaidia Ukraine kushambulia kambi hizo hizo. Ukimsikiliza kwa sikio la kawaida, ana hoja. Lakini ndani ya Washington pia kulikuwa na wanasiasa waliosema kwa miaka mingi jambo lile lile kwa maneno mengine, kwamba hupaswi kuwekeana mkataba na mtu usiyemwamini. Wote wawili walikuwa wameligeuza daftari juu chini. Wakati wa uhasama ndio wakati wa kulinganisha. Marafiki, baba alisema, hawaandikwi. Tarehe 5 Februari 2026 ndiyo iliyokuwa kikomo cha mkataba huo, na masharti yake hayakuruhusu kuongezwa mara ya pili. Kwa sasa kila upande unabaki na setilaiti zake na makisio yake, na setilaiti haiwezi kuona kombora lina vichwa vitatu au kumi chini ya kifuniko. Asiyejua huhesabu kwa kuzidisha. Na safari hii yupo jirani wa tatu, China, mwenye vichwa takriban 600 na vinavyoongezeka, ambaye hajawahi kukaa kwenye benchi kabisa.

Biashara ya urani haikufa siku mitungi ya mwisho ilipoteremshwa Baltimore. Kampuni za Marekani ziliendelea kununua Urusi urani ya kawaida ya vinu, hata baada ya vita ya 2022 kuanza, hata ikawa takriban robo ya urani iliyorutubishwa waliyoitumia. Mei 2024 Biden alitia saini sheria ya kuipiga marufuku, sheria ambayo nayo imeacha mlango wa ruhusa maalumu hadi mwisho wa 2027, kwa sababu viwanda vya nyumbani havitoshi. Novemba mwaka huo Urusi ikajibu kwa kuwekea mipaka uuzaji wake kwa Marekani.

Mwezi huo huo wa Novemba 2024, tarehe 21, Urusi iliupiga mji wa Dnipro nchini Ukraine kwa kombora jipya la masafa ya kati, la aina ile ile iliyokuwa imefutwa mwaka 1987, lililoweza kubeba vichwa vya nyuklia ingawa siku hiyo halikuvibeba. Baadaye msemaji wa Kremlin alieleza, na Pentagon, wizara ya ulinzi ya Marekani, ikathibitisha kwamba ilitaarifiwa, kuwa kabla ya kombora kurushwa Moscow ilipeleka ujumbe Washington kupitia vituo vya kupunguza hatari ya nyuklia, ambavyo nchi hizo mbili zilikubaliana kuvianzisha mwaka ule ule wa 1987 na ambavyo mpaka leo vina watu wa zamu usiku na mchana. Ujumbe ulifika dakika 30 kabla. Mtu fulani upande wa pili, katika chumba chenye taa, aliupokea na kuuandika.